Andikeni kinachotokea langoni

Barua ya wazi kwa wakuu wa bandari, mamlaka za forodha, kampuni za meli na wenye yadi za makontena zilizo nje ya bandari

Waheshimiwa,

Saa nne usiku simu yangu iliita. Alikuwa dereva niliyemkabidhi kontena tupu la futi 40 alirudishe yadi. "Mzee, wamenirudisha tena. Wanasema yadi imejaa, leo hawapokei za kampuni hiyo." Nikamwuliza amepewa karatasi gani. Hakupewa kitu. Mlinzi alizungumza naye kupitia kidirisha cha lango, akatikisa kichwa, akamwonyesha kwa mkono ageuze gari asizibe njia. Nyuma yake malori mengine yalikuwa yamejipanga, kila moja na kontena tupu, madereva wakisubiri kuambiwa maneno yaleyale.

Kontena lile lilipokelewa siku ya tano. Miezi miwili baadaye ikaja ankara ya kuchelewesha kontena. Siku zote zilikuwa zimehesabiwa, hata zile nne ambazo lori lilifika langoni na kugeuzwa. Nikapinga. Nikaulizwa nina ushahidi gani kwamba tulifika. Sikuwa nao. Mlinzi wa usiku ule alikuwa amehamishiwa kwingine, na kitabu cha lango kilikuwa na orodha ya magari yaliyoingia tu. Gari lililokataliwa halikuandikwa popote, kwa hiyo kwa mujibu wa kitabu halikuwahi kufika. Mteja wangu alilipa.

Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa karani wa kuhesabu shehena. Malango haya nayajua mchana na usiku, jua na mvua. Nawaandikia kwa jambo moja: kila kinachotokea kwenye lango la yadi kiandikwe, pamoja na saa yake, na aliyefika apewe nakala. Awe amepokelewa au amekataliwa, apewe nakala.

Siandiki kuzipinga yadi. Meli kubwa kabisa za siku hizi hubeba zaidi ya makontena 20,000 ya futi 20 kwa mkupuo, na hata zile za wastani hushusha mamia kwa maelfu kwa muda mfupi. Hakuna gati lenye uwanja wa kuyatunza yote mpaka kila mwenye mzigo amalize makaratasi yake. Makontena yakirundikana pale, meli inayofuata inatia nanga nje na kusubiri. Ndiyo maana yanasogezwa. Mengine huenda yadi iliyo kilometa chache tu kutoka gatini, mengine hupandishwa treni hadi bandari kavu iliyo mbali bara, na mzigo ukakaguliwa na kulipiwa ushuru hukohuko. Jambo hili limekwisha kupewa uzito wa kimataifa: nchi za Asia na Pasifiki zina mkataba wao wa bandari kavu, uliotiwa saini Bangkok mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2016. Yako pia makontena matupu, ambayo watu wengi huyasahau. Nayo yanahitaji mahali pa kukaa, kukaguliwa, kuoshwa na kuzibwa matundu kabla ya kwenda kupakiwa tena. Yadi inayoendeshwa vizuri inaiondolea bandari mzigo mkubwa, na nimefanya kazi na chache za namna hiyo. Huko unafika, unapimwa, unashusha, unaondoka na risiti yako kabla chai haijapoa.

Kinachotuumiza ni jinsi siku zinavyohesabiwa. Kontena moja kwa kawaida huhesabiwa siku mara tatu, kama kwa saa tatu za ukutani zinazokwenda kila moja kivyake. Ya kwanza ni ya bandari au yadi, nayo ni storeji, yaani kodi ya ardhi iliyokaliwa na kontena. Ya pili ni ya kampuni ya meli. Hiyo ndiyo demareji, inayoanza siku za bure, yaani zile za mwanzo zisizotozwa, zikiisha na kontena lenye mzigo bado halijachukuliwa. Ya tatu pia ni ya kampuni ya meli, inahesabu siku tangu kontena litoke na mzigo hadi lirudi tupu. Wateja wetu huziita zote demareji, na siwalaumu, kwa sababu ankara zenyewe mara nyingi hazizitenganishi. Kila saa ina mwenyewe, na hakuna anayelazimika kumwuliza mwenzake kabla ya kutoza. Yadi inaweza kumkatalia dereva kwa sababu imejaa, na wakati huohuo kampuni ya meli, iliyoichagua yadi hiyo yenyewe, ikaendelea kumhesabia siku.

Tozo hizi zina sababu nzuri. Kontena ni mali ya mtu, na anayeligeuza ghala lake anawanyima wengine chombo cha kusafirishia. Tozo inamsukuma alirudishe. Lakini huwezi kumsukuma mtu aliyekwisha kufika. Dereva amesimama mbele ya lango na kontena liko mgongoni mwa gari, mnataka aende wapi tena?

Swali hilo si langu peke yangu. Nchini Marekani, tume ya shirikisho inayosimamia usafiri wa baharini ilitoa mwongozo mwaka 2020 kwamba tozo za namna hii zipimwe kwa kigezo kimoja: je, zinasaidia mizigo itembee? Ikaeleza wazi kwamba kumtoza mtu wakati kontena tupu halina pa kurudishwa kuna uwezekano mkubwa wa kuonekana si haki. Mwaka 2022 ikapitishwa sheria ya kuipa tume hiyo nguvu zaidi, na tangu tarehe 28 Mei 2024 kuna kanuni za ankara zenyewe: itolewe ndani ya siku 30, na anayedaiwa apewe siku zisizopungua 30 za kupinga. Ankara yangu ya miezi miwili isingesimama chini ya kanuni hizo. Natoa mfano huo kwa sababu kampuni za meli zinazofuata kanuni hizo kule ndizo zilezile zinazofanya kazi katika bandari nyingine za dunia, na kule hazijafilisika.

Lakini hata kanuni nzuri kiasi gani haimsaidii dereva asiye na karatasi. Haki ya kupinga ni ya mwenye ushahidi, na ushahidi wa lango uko mikononi mwa mwenye lango. Hapo ndipo napaomba pafunguliwe.

Karatasi ninayoiomba ni ndogo. Iwe na namba ya kontena, namba ya gari, tarehe, saa, sababu ya kukataliwa, na siku au yadi ambayo dereva anaelekezwa. Inaweza kuwa ujumbe wa simu, inaweza kuwa kipande cha karatasi chenye muhuri. Namba ya kontena tayari imetungwa ili isikosewe ovyo: herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na zilizotangulia, ili karani akikosea herufi mfumo umshtue. Kazi ya mlinzi inabaki kuandika mstari mmoja. Na tangu saa iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo, kuhesabu kusimame mpaka yadi itakapotoa nafasi. Kama dereva ameelekezwa yadi nyingine upande wa pili wa mji, gharama ya safari hiyo ya ziada iandikwe kwa aliyeagiza mabadiliko. Leo anailipa mwenye mzigo, ambaye hakuulizwa lolote.

Kuna jambo la pili la lango, nalo linanikera kuliko hata foleni, kwa sababu linagusa uaminifu wa watu. Kontena linaporudi tupu lazima likaguliwe. Mkaguzi anatazama milango na mipira yake ya kuzuia maji, paa, mabati ya ubavuni, kona nane za chuma ambazo mashine hushika, na sakafu, ambayo kwa kawaida ni mbao za plaiwudi zenye unene wa milimita 28. Anainama kunusa na kutafuta madoa ya mafuta au kemikali, kwa sababu mzigo utakaofuata unaweza kuwa chakula. Kisha kuna kipimo cha giza. Mnaingia ndani, aliye nje anafunga milango, mnasimama kimya mpaka macho yazoee. Paa likiwa limetoboka, hata tundu dogo kama kichwa cha sindano, utaona nukta nyeupe juu yako, kali kabisa, na ukisogeza kiganja unaona mwanga umeangukia pale. Nilifundishwa kipimo hicho nikiwa karani kijana na mzee mmoja ambaye hakuwahi kusaini kontena asiloingia ndani yake. Kinachukua dakika mbili. Dereva na mkaguzi wakitoka humo wote wameona kitu kimoja, wanasaini, hakuna kesi.

Sasa katika yadi nyingi dereva anashusha kontena, anapewa risiti yenye neno "limepokelewa", anaondoka. Ukaguzi unafanyika siku tatu au nne baadaye, yeye hayupo. Kati ya hapo kontena limenyanyuliwa, limepangwa, limepanguliwa. Matupu hupangwa saba hata nane kwenda juu, na kila linapohitajika la chini, yote ya juu yake lazima yahamishwe kwanza. Mashine ile ikigusa ubavu wa jirani, bati linabonyea. Nimewahi kupokea madai ya bati lililobonyea hivyo. Risiti ya siku kontena lilipotoka iliandika "sawa", risiti ya siku liliporudi iliandika "limepokelewa", na ripoti ya uharibifu ilikuja wiki moja baadaye. Mteja alikuwa mama anayeagiza vitambaa, kontena lake la kwanza maishani. Amana yake yote, fedha aliyoiweka kama dhamana ya kontena, ikazuiwa. Nilikaa naye ofisini nikimweleza kwa nini hatuwezi kushinda, na sikupata maneno, maana niliamini kabisa kwamba bati lile halikubonyea mikononi mwetu.

Dawa yake ni ileile. Ukaguzi ufanyike dereva akiwepo, kontena likiwa bado kwenye gari. Picha zipigwe likitoka na zipigwe tena likirudi: ubavu wa kulia, wa kushoto, milango, na ndani hadi mwisho, zikiwa na tarehe na saa, na nakala ziende pande zote. Uharibifu utakaogunduliwa baada ya dereva kuondoka na risiti safi uwe wa yadi. Najua wenye yadi watasema hawana watu wa kutosha wakati wa msongamano. Basi waseme hivyo kwa kampuni za meli zinazowalipa, siyo kwa dereva.

Lango la kuingilia na mzigo nalo lina yake. Mara kwa mara kontena huhamishwa usiku kutoka bandarini kwenda yadi, na mwenye mzigo haambiwi. Wakala anaamka asubuhi na makaratasi ya bandari mkononi, anaambiwa kontena halipo, anaanza kulitafuta yadi baada ya yadi. Akilipata anakuta liko chini ya mengine manne, mashine iko upande mwingine, arudi kesho. Siku za bure zinakatika zote hizo. Naomba kila uhamisho utumiwe ujumbe kwa mwenye mzigo na wakala wake palepale gari linapovuka lango, na siku za bure zianze pale kontena linapokuwa mahali mtu anaweza kulikagua na kulichukua. Kama uhamisho uliamuliwa na bandari kwa ajili ya nafasi yake, bandari ndiyo iulipie.

Hadi hapa nimezungumzia fedha. Kuna kinachozidi fedha.

Usiku wa tarehe 4 Juni 2022 moto ulizuka katika dipo moja la makontena huko Sitakunda, karibu na bandari ya Chattogram, Bangladesh. Lilikuwa yadi ya nje ya bandari, ya aina hiihii tunayoizungumzia. Wazima moto walifika na kuanza kazi kama moto wa kawaida. Ndani ya yadi yalikuwepo makontena yenye peroksidi ya hidrojeni, kemikali ambayo yenyewe huzalisha oksijeni na kuulisha moto. Yakalipuka wakati watu wako karibu. Walikufa takriban watu 50, wazima moto wakiwemo, na waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya 200. Maofisa wa zimamoto walieleza kwamba hawakuambiwa kuna kemikali.

Nimeirudia habari hiyo mara nyingi kichwani. Kanuni za kimataifa za kusafirisha bidhaa hatari baharini zinataka kontena la namna hiyo libandikwe alama kubwa pande zote nne, zenye upana wa milimita 250 au zaidi, ili mtu azione kwa mbali. Lakini kontena likishapangwa katikati ya mengine, alama za ubavuni hazionekani, na moshi ukitanda hazionekani hata za mbele. Kinachobaki ni orodha. Orodha ya nini kimeingia, lini, kiko safu ya ngapi, na nakala yake iwe kituo cha zimamoto kilicho karibu kabla moto haujatokea. Orodha hiyo inatengenezwa mahali pamoja tu, langoni, wakati kontena linaingia. Yadi inayoacha kuandika lori lililokataliwa kwa sababu ni usumbufu, sina imani kwamba inaandika kwa makini kilichomo katika lililokubaliwa. Tabia ni moja.

Na kabla sijaiacha hatari: yapo makontena yaliyopuliziwa gesi ya kuua wadudu, na yanatakiwa yawe na tangazo la onyo mlangoni. Kijana anayetumwa akate lakiri na kufungua milango kwa ajili ya ukaguzi lazima ajue kwanza. Nimeona kijana akiingia moja kwa moja huku mlango wa pili bado haujafunguliwa. Alitoka akikohoa, akakaa chini kivulini, na mungu alimnusuru. Kumbukumbu ya lango ingemwambia asubiri hewa ipite.

Nitaambiwa kwamba kuandika kila kitu kutaongeza foleni. Hoja hiyo niliisikia pia kabla ya tarehe 1 Julai 2016, siku ilipoanza kanuni ya kimataifa kwamba kontena lenye mzigo lisipandishwe melini bila uzito wake kuthibitishwa. Kulikuwa na hofu kubwa kwamba bandari zingekwama na mizigo ingeoza. Siku ilifika, uzito ukaandikwa, meli zikaondoka. Leo karani mpya hawezi hata kufikiria kupakia bila uzito. Tena kwa maoni yangu foleni nyingi za yadi zinatokana na kutoandika. Dereva asiyejua kama atapokelewa anawahi alfajiri ajaribu bahati, na wenzake mia wanafanya hivyohivyo. Mpe saa yake kwa maandishi, atakuja saa yake. Barabara zilizo mbele ya yadi, ambako malori hulala ubavuni mwa nyumba za watu na watoto hupita katikati ya trela kwenda shule, zingepumua.

Mamlaka za forodha, ninyi ndio mnaozipa yadi leseni za kutunza mizigo iliyo chini ya ulinzi wenu. Mna haki ya kuweka kumbukumbu ya lango kuwa sharti la leseni, na hamhitaji kumbembeleza mtu. Kampuni za meli, ninyi ndio mnaochagua yadi ya kurudishia. Msiipangie makontena mengi kuliko uwanja wake unavyoweza kubeba, na ankara zenu zisitoke kabla hazijalinganishwa na kitabu cha lango. Wakuu wa bandari, mnapohamisha mzigo mjue kwamba mmehamisha na wajibu wenu.

Dereva aliyenipigia simu usiku ule bado tunafanya kazi pamoja. Siku hizi akikataliwa anashuka, anapiga picha ya lango, ya namba ya kontena, ya saa kwenye simu yake, na ananitumia. Nimezihifadhi zote kwa tarehe. Nimejaribu kuzitumia katika pingamizi mbili, na mara zote mbili nimejibiwa kwamba si nyaraka za yadi. Naomba mniambie ni ofisi ipi kati ya zenu itakayokubali kuzitazama, na lini, nami nitazileta mwenyewe nikiwa na dereva.

Wenu,
Wakala wa forodha